Hatua Mia Nne na Thelathini

Simu ya Mombasa ilikuwa fupi. Gari la mahabusu lingefika Msambweni saa kumi alasiri, Jumamosi hiyo hiyo, kumchukua Sefu wa Kikoneni akasomewe shtaka la kuua. Inspekta Thoya alitakiwa awe amekwisha kulifunga faili, amelitia sahihi na kulitia kwenye bahasha. Saa ilikuwa moja na robo asubuhi. Thoya akaweka simu, akazunguka meza, akaketi, akainuka tena. Alikuwa hivyo tangu siku zake za keya, jeshi la Waingereza, huko Burma: akili yake haikukubali kwenda mpaka miguu itangulie, na ofisi ile ilikuwa na nafasi ya hatua nne tu kwenda na nne kurudi.

"Utatoboa sakafu, afande," alisema Sajini Abdulrahim, ambaye alikuwa ameketi kwa utulivu wake wa mtu wa Vanga akikoroga chai. "Na sakafu yenyewe ni ya serikali."

"Nisomee tena."

Abdulrahim akasoma, ingawa wote wawili walikuwa wameyajua maneno yale kwa moyo. Alhamisi asubuhi, katika bonde la nyuma ya Kikoneni, Nzai, askari wa idara ya wanyama wa pori, alipigwa risasi moja ya kifua, akafa. Risasi ilimpenya ikapotelea msituni. Miguuni pake alilala mbawala dume aliyekatwa shingo. Hatua sitini kutoka hapo palikuwa na kichuguu kikubwa, na nyuma ya kichuguu shamba la mihogo la Sefu, mwenye bunduki kuukuu aliyopewa kibali cha kufukuzia nguruwe. Mtutu wa bunduki ile ulinuka baruti. Tena Nzai alikuwa amemkamata Sefu mara mbili kwa kuwinda bila ruhusa. Kila mtu Kikoneni aliona kesi imekwisha.

"Na ule ukurasa wa mwisho?"

"Wa Bibi Jumwa? Konstebo ameupiga mstari. Ameandika pembeni: shahidi ni mzee, amechanganyikiwa."

"Alisema nini hata akachanganyikiwa?"

"Kwamba Nzai alianguka kwanza, ndipo bunduki ikalia."

Thoya alisimama pale alipokuwa. Alisimama kitambo kirefu kuliko ilivyokuwa desturi yake, kisha akachukua kofia.

"Tuanze na Sefu," alisema.

Sefu alikuwa kwenye chumba cha mahabusu, mwembamba, umri wa miaka arobaini hivi. Bakuli la uji alioletewa na mkewe Mwanatumu alfajiri lilikuwa bado limejaa. Alimwitikia Abdulrahim salamu yake kikamilifu mpaka rehema na baraka, akamwamkia na Thoya, akangoja.

"Bunduki yako imepigwa lini?"

"Jumatano jioni, afande. Nguruwe waliingia kwenye mihogo. Nilipiga juu, wakakimbia."

"Kwa nini juu?"

"Nguruwe hata nikimpata, nitamfanya nini mimi?"

Abdulrahim alikohoa kuficha kicheko. Thoya hakucheka. Alikuwa akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, na Sefu akawa anamfuata kwa macho.

"Nataka uniambie jambo la kazi, Sefu. Si la kesi. Wewe ukiwinda, mbali ni wapi? Mnyama akiwa mbali namna gani, unasema huyu nimwache?"

Sefu alifikiri. Lilikuwa swali la kwanza aliloulizwa tangu Alhamisi ambalo alilipenda.

"Hatua sabini. Themanini nikiwa na mbio zangu. Zaidi ya hapo simpigi, hata akinigeuzia ubavu. Mnyama akianguka mimi nakimbia na kisu. Nikimkuta anapumua, nachinja, ni halali. Nikimkuta amekwisha, ni kibudu, na nimepoteza risasi."

"Wako masheikh wasemao ukitaja bismillahi wakati wa kufyatua, yatosha," alisema Abdulrahim.

"Nimewasikia, Sajini. Lakini masheikh hao hawapikiwi na Mwanatumu. Mke wangu huniuliza swali moja tu: ulimkuta yu hai? Nikisita kujibu, nyama inatupiwa mbwa. Basi kwangu mimi, mbali ni pale nisipoweza kufika."

Walipotoka nje Thoya alikuwa amekunja uso. Alikasirika, na hakujua amkasirikie nani.

"Umesikia? Nimempa mlango wa kutokea, yeye amejifungia. Mashtaka yanasema hatua sitini. Yeye mwenyewe anatuapia kwamba kazi yake ni ya hatua sitini na sabini. Wakili wa serikali akimuuliza nilivyomuuliza mimi, amejitia kitanzi kwa ulimi wake."

Barazani alikuwa anawangoja Jemima, mjane wa Nzai, amejifunga leso nyeusi kichwani. Alikuja kuhakikisha kwamba gari la Mombasa linakuja kweli, na alisema hivyo bila kuzunguka. Thoya alimpa pole, akamuuliza kama mumewe alikuwa na neno na mtu yeyote.

"Na Sefu, si mnajua."

"Mbali na Sefu."

Jemima alitazama chini. "Wiki nzima alikuwa hali, halali. Nikamuuliza una nini. Akasema Jumatatu atapeleka ripoti Mombasa, ya mtu aliyekula mezani petu. Nikamwambia nitajie. Akasema, nikikutajia utaniomba nisiipeleke."

"Sefu aliwahi kula mezani penu?"

"Sefu? Sefu hajapata hata kunywa maji kwetu." Alilisema haraka, na Thoya akaona jinsi neno lile lilivyomgeukia mwenyewe kinywani. Akamwomba asirudi nyumbani. Leo, alisema, huenda akamhitaji.

Nyuma ya kituo, ndani ya gunia lililojaa chumvi, palikuwa na kichwa cha yule mbawala, kimewekwa kama ushahidi. Kilinuka kiasi kwamba hata mbwa wa kituo alikuwa amehamia upande wa pili. Thoya aliziba pua kwa kitambaa. Abdulrahim, aliyelelewa katika nyumba ya mchinjaji, alichutama, akakigeuza kichwa, akaingiza vidole palipokatwa. Akabaki hapo.

"Afande, mnyama huyu hakuchinjwa na Sefu."

"Umejuaje?"

"Kikoromeo hakipo. Sisi tukichinja, kisu kinapita chini ya kikoromeo, kikoromeo kibaki na kichwa. Kikibaki na kiwiliwili, hatuli. Mtoto wa chuoni anajua. Huyu amekatwa juu, hapa chini ya taya. Kwa Mwanatumu nyama hii isingevuka hata kizingiti."

"Labda alikuwa na haraka."

"Mtu mwenye haraka hupinda kisu. Hapandi mpaka chini ya taya." Alinawa mikono kwenye pipa. "Na konstebo ameandika damu ilikuwa matone. Mbawala dume akichinjwa yu hai, unaweza kuoga. Huyu alikatwa alipokwisha kufa, mahali pengine, akaletwa pale akalazwa."

"Ili Nzai amwone ainame," alisema Thoya polepole. "Na ili sisi tumwone tumfikirie Sefu." Alianza kutembea. "Mzungu asingekata shingo kabisa, hajui jambo hilo lina maana gani. Mwislamu asingekata hivyo. Basi ni nani?"

"Ni mtu aliyetuona tukichinja maisha yake yote, na dini yake haijapata kumkataza sahani hata siku moja."

"Mtu kama mimi."

"Kama wewe, afande, na jamaa zako nusu ya pwani," alisema Abdulrahim kwa adabu kubwa.

Lakini kikoromeo si kitu cha kupelekea Mombasa. Thoya aliweza kuwasikia wakicheka kwenye simu. Saa mbili walikuwa njiani kwenda Kikoneni katika Landirova ya kituo, na nyuma walikuwa wamepakia bunduki mbili, moja ya kituo na moja ya Sefu, pamoja na pipa tupu la mafuta. Jemima aliketi mbele.

Bibi Jumwa walimkuta shambani kwake, Mduruma wa miaka sabini na zaidi, anapalilia. Thoya alimwita hawe, kama anavyoitwa nyanya kwa Wamijikenda, akamwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akapewa kisogo.

"Wewe ni yule wa kuandika na kufuta?"

"Aliyefuta si mimi, hawe. Mimi nimekuja kuandika upya."

"Andika basi. Nilikuwa nakata kuni. Nzai alipita akanisalimu. Akaenda pale, akamwona mnyama, akainama. Akainuka. Kisha akaketi chini, vile mtu aliyechoka anavyoketi. Nikasema moyoni, huyu ana nini. Ndipo bunduki ikalia. Wale vijana wako wakacheka. Wakaniambia, bibi, bunduki hulia kwanza, mtu ndipo aanguke. Nikawaambia, basi aliyekuwapo ni nyinyi."

"Ililia wapi?"

Akaonyesha kwa mdomo, upande wa pili wa bonde, mbali kabisa na kichuguu cha Sefu, penye mgongo wa mawe ulioota mikwaju michache. Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Thoya aliukazia macho mgongo ule. Alikuwa ameyajua haya zamani, kwenye tope la Burma, alipoona mwenzake anaanguka kimya kabisa na mlio ukafika baadaye. Risasi ina mbio kuliko sauti yake. Karibu, vyote viwili hufika pamoja, huwezi kuvitenga. Mbali, risasi hutangulia, na mlio huja nyuma ukihema. Lakini kujua ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine.

Walilijaza pipa maji ya kisima, wakalisimamisha pale Nzai alipoangukia. Bibi Jumwa wakamketisha pale alipokuwa siku ile, mbali kidogo kando, na Thoya akakaa naye. Wakalipa pipa mgongo. Abdulrahim, aliyekuwa na vikombe vitatu vya shabaha kule nyumbani, akaenda nyuma ya kichuguu cha Sefu na bunduki ya Sefu.

Pipa na bunduki vililia kwa kishindo kimoja.

"Sivyo," alisema Bibi Jumwa bila kugeuka. "Hivi vimekuja vimeshikana mikono."

Thoya akampungia Abdulrahim kofia. Sajini alirudi, akachukua bunduki ya kituo, akaanza kulivuka bonde akihesabu hatua kwa sauti. Ilimchukua muda. Thoya alikaa, akainuka, akakaa, mpaka Bibi Jumwa akamwambia kama ana chawa aende akaoge. Kutoka mgongo wa mawe Abdulrahim akapunga kitambaa. Risasi ya kwanza ilivuma juu ya pipa ikapita. Ya pili ilipasua bati. Thoya alisikia mlipuko wa maji nyuma yake, akasikia ukimya, ukimya mfupi lakini wenye nafasi ya mtu kusema neno moja, ndipo mlio ukateremka kutoka mawe.

"Ndivyo," alisema Bibi Jumwa. "Sasa andika, tena usifute."

Abdulrahim aliporudi alikuwa anatoka jasho. "Hatua mia nne na thelathini. Nyasi za pale juu zimelala, na viwiko viwili vimechimba udongo. Ganda la risasi hakuliacha. Afande, nimelikosa pipa zima mara moja. Kumpata mtu kifuani kwa risasi moja kutoka pale, kwa macho matupu, mimi sijui nani awezaye."

"Si kwa macho matupu," alisema Thoya. Katika daftari la vibali, kuanzia Likoni mpaka Vanga, bunduki yenye darubini ilikuwa moja tu. Jemima walimwacha kwa Bibi Jumwa, wakaondoka.

Mwenye bunduki hiyo, Mzungu Bwana Kendrick, aliishi Diani, katika nyumba ya mawe inayotazama bahari, na kuta zake za ndani zilijaa picha: Wazungu wa kila umri wamepiga goti kando ya wanyama waliokufa. Alikuwa mzee mrefu, mkarimu, mwenye Kiswahili cha shambani kisichojua ngeli. Saa saba unusu walikuwa wameketi barazani kwake, na mtumishi wake wa miaka mingi, Kitsao, aliyekuwa pia mbeba bunduki na kiongozi wa wageni wake porini, akawaletea chai. Thoya hakutaka chai. Alikuwa amejaa hamu ya kumkamata mzee yule papo hapo, na alijilazimisha kuuliza taratibu.

"Mbali?" alisema Kendrick. "Mimi iko na sheria yangu. Yadi mia mbili, basi. Zaidi ya hiyo si kuwinda, ni kupiga kelele tu. Unaweza kujeruhi mnyama, yeye kwenda kufa mbali na maumivu. Kijana wa siku hizi anataka yadi mia nne, mia tano, apate kusema huko hoteli. Hiyo mimi nasema ni aibu."

"Lakini una darubini."

"Rafiki alinipa. Kitsao, lete."

Kitsao alitoa ufunguo mfukoni mwake mwenyewe, akafungua kabati. Bunduki nyingine tatu zilikuwa na vumbi. Ile yenye darubini ilikuwa inang'aa, na mafuta yake yalinukia upya.

"Umetoka nayo lini, bwana?"

"Mimi? Tangu mvua ya mwaka jana, hapana."

Thoya aliishika, akaitazama, kisha akamwomba mzee amsomee namba ya Landirova ya polisi iliyosimama chini ya mkanju, hatua ishirini tu. Kendrick aligeuza uso upande wa gari. Alitabasamu. Akageuza tena.

"Ile ni gari?" aliuliza kwa sauti ndogo, na Thoya akaona haya kwa kumuuliza. Mzee alikuwa karibu kipofu. Ndiyo maana ufunguo ulikaa kwa Kitsao: bwana wake asingeliona tundu la kufuli.

Thoya akaziendea picha ukutani ili asimtazame mzee. Ndipo alipoona. Katika karibu kila picha, nyuma ya bega la mgeni, palikuwa na kiwiko cha mtu mweusi, au ukingo wa kofia, au mkono umeshika bunduki ya pili. Mpiga picha alikuwa amemkata.

"Huyu ni wewe, Kitsao?"

"Ni mimi, afande."

"Wageni hawa walikuwa na shabaha."

Kitsao alikuwa mtu wa miaka hamsini, mtaratibu, mwenye mikono isiyotikisika hata akibeba sinia. Alitazama barazani kuona kama bwana wake anasikia.

"Mgeni hufyatua, na mimi nyuma yake hufyatua papo hapo. Inasikika bunduki moja. Mgeni anapata pembe zake, na mimi napata wageni wengine. Ndiyo kazi yetu ilivyo."

"Na kwako wewe mbali ni wapi?"

"Mbali ni pale mnyama asipojua kwamba ameonwa." Alilisema kwa fahari, neno lililokaa ndani kwa miaka mingi bila mtu wa kuambiwa.

Thoya aliinama kuangalia pembe zilizopangwa chini ya dirisha. Jozi moja, ndefu, zilizopinda kama mundu, zilikuwa za palahala, swala mkubwa ambaye hakuna kibali kinachomruhusu mtu kumwinda. Shina lake lilikuwa bado na ngozi mbichi. Basi hii ndiyo ripoti ya Jumatatu. Mtu akipelekewa ripoti kama hiyo ananyang'anywa kibali cha kuongoza wageni, na Kitsao bila kibali alikuwa mtumishi wa chai tu kwa mzee asiyeona.

"Kitsao, nina tabu," alisema. "Mimi bunduki hizi za darubini sizijui. Nifuate Kikoneni, unisaidie kupima mahali. Bwana ataturuhusu."

Njiani hawakuzungumza sana. Thoya alikuwa anahesabu dakika. Saa tisa na nusu walikuwa juu ya mgongo wa mawe. Abdulrahim aliwaacha pale, akateremka bondeni peke yake, kama walivyokuwa wamepatana. Thoya alikuwa ameitoa darubini kwenye bunduki, na bunduki ameifungia garini. Upepo ulivuma kutoka baharini. Bonde lote lilikuwa chini yao, na pale Nzai alipoangukia palikuwa na doa jeusi tu la vichaka.

"Si lazima uniambie neno lolote," alisema Thoya, "na utakaloniambia mimi nitaliandika, na kwa kuwa mimi ni inspekta, litasimama kortini. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Bunduki ilitoka kabatini Alhamisi. Ufunguo ni wako. Nyasi hizi zimelazwa na viwiko vyako, ukitaka tutavipima. Mimi sijui Nzai alikuwa nani kwako. Ninalojua ni kwamba kuna mtu Msambweni anangojwa na gari, na huenda akanyongwa."

Kitsao alitazama nyasi. Thoya safari hii hakutembea. Akamtupia kamba.

"Mimi nimekuwa askari. Najua mtu anavyoonekana kutoka mbali hivi. Kichaka kinatikisika, unaona rangi ya kahawia, mkono unakwenda wenyewe."

"Ndivyo ilivyokuwa," alisema Kitsao, na pumzi ikamtoka. "Ndivyo hasa, afande. Niliona kitu kinatikisika, nikadhani ni palahala. Umbali huu mtu na mnyama ni kitu kimoja. Hata kwa darubini huwezi kutambua. Niliposikia baadaye kwamba ni Nzai, nililia. Niliogopa kusema."

"Hata kwa darubini?"

"Hata kwa darubini. Ni vivuli tu."

Thoya aliandika, akamsomea, Kitsao akatia sahihi kwa mkono usiotikisika. Ilikuwa bahati mbaya, si kuua kwa kukusudia. Miaka michache, labda pungufu. Sefu angetoka. Mtu mwingine angeridhika hapo, akateremka kwenda kunywa maji. Thoya akafuta ile darubini kwa kitambaa na kumpa.

"Nionyeshe vivuli hivyo, nami niandike vizuri. Abdulrahim yuko pale chini. Niambie unachokiona."

Kitsao alilala kifudifudi mahali pale pale, kwa mazoea, viwiko vikatulia ndani ya mashimo yao. Akaweka jicho. Alitafuta kidogo, akatulia. Thoya aliona mabega yake yakikakamaa.

"Mbona mmemleta Jemima?" aliuliza Kitsao. "Mbona analia?"

Upepo ulikuwa unavuma. Kule chini, kwa macho matupu, hapakuwa na kitu ila doa jeusi.

Kitsao hakuiondoa darubini mara moja. Aliendelea kutazama, na Thoya akamwachia. Halafu akaiweka chini kwa uangalifu, kioo juu, kisipate mchanga, akaketi.

"Nilikula kwake Krismasi," alisema. "Nzai alikuja Diani akaziona zile pembe. Nilimwomba. Nilimwomba kama ninavyoomba Mungu. Akaniambia, Kitsao, nikikuficha wewe nitamkamataje Sefu. Miaka thelathini mimi nimewapigia watu wanyama wao, na yeye angeniondoa kwa karatasi moja."

"Na mbawala?"

"Nilimpiga alfajiri, nikamleta kwa gari. Nilijua Nzai atainama. Aliinama. Kisha akainua kichwa, akatazama huku juu, moja kwa moja. Nikafikiri ameniona. Nikangoja aangalie pengine."

"Akaangalia?"

"Hapana. Alitazama huku huku. Uso wake wote ulijaa kwenye kioo, nikaona hata kwamba hakunyoa. Nikafyatua."

Thoya aliandika. Alilazimika kuandika neno la mwisho mara mbili.

Gari la Mombasa lilikuwa limengoja Msambweni dakika hamsini, na dereva wake alikuwa amenuna. Alipewa bahasha pamoja na Kitsao, akalalamika kwamba jina si lile aliloandikiwa, akasainiwa, akaondoka. Abdulrahim akafungua mlango wa mahabusu.

Sefu alitoka akasimama barazani, anafumba macho kwa jua la magharibi. Jemima alikuwa hapo, ameketi kwenye benchi, na watu hao wawili wakatazamana. Yeye ndiye aliyekuja asubuhi kuhakikisha kwamba Sefu anachukuliwa. Aliinuka.

"Pole, dada," alisema Sefu. "Nzai alinikamata mara mbili. Mara zote mbili alinijia mpaka karibu, akaniamkia kwanza."

Jemima akaketi tena, akajifunika uso kwa leso yake nyeusi. Thoya alimwambia Sefu kwamba gari litampeleka Kikoneni, lakini Sefu alikataa, akasema atakwenda kwa miguu.